Sisi wa Nyuma ya Shuka

Mjukuu wangu aliniuliza swali wakati wa kula, nikapoteza hamu ya chakula mpaka kesho yake. Walikuwa wamekaa na binamu zake kwangu hapa Kimemi, Butembo, kila mmoja na simu yake kando ya sahani, wanabishana ni filme gani mtu anaweza kuirudilia bila kuchoka. Huyu anataja ya ngumi, yule anataja ya mapenzi, wanapigiana kelele kama wanagawana urithi. Basi mmoja akanigeukia. "Koko, na weye? Filme gani unapendaka kurudilia?"

Nikasema ninayo moja. Wakacheka! Kizee ana filme! Wakataka jina, nikawaambia haina jina. Wakataka kujua kuna nini ndani, nikawaambia kuna mtu anashuka kwenye kamyo. "Kisha?" Kisha anaenda zake. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na maharagwe, nami nikawafukuza wote mezani, na sahani zao na simu zao, wakamalizie nje kwenye baridi. Mama wa mmoja wao aliniambia nimekuwa mkali bure. Aka! Mimi si mkali bure. Mimi ni mkali kwa sababu, na sababu yangu ilikuwa mtu, ilikuwa na tumbo na kanzu iliyopigwa pasi, na kila Ijumaa ilikaa safu ya kwanza msikitini.

Mtu huyo alikuwa baba yangu mkubwa, kaka yake baba. Ndiye aliyekuwa mwenye ile filme.

Tulikuwa tunakaa Beni wakati huo, kule chini kwenye joto. Baba alikuwa shofere wa mzungu mmoja mwenye mashamba ya kahawa, koloni tulivyowaita. Uhuru ulipofika, koloni hakungoja kuona rangi yake. Alitoa vitu vyote barazani akaviuza kama mtu anayetapika: viti, vitanda, vyungu, mpaka mlango wa kuku. Baba alinunua ile kamyo, lori aliyokuwa anaiendesha, kwa akiba yake na kwa bangili za mama. Baba mkubwa, ambaye alikuwa na depo ya nguo karibu na soko, hakutaka mdogo wake apite mbele yake hata kidogo. Akanunua kitu ambacho hakuna mtu mwingine Beni alikuwa nacho: mashini ya kuonyesha filme, na gurupe ya umeme ya kuiendesha, na sanduku zima la mikebe.

Mikebe mikubwa ilikuwa filme za kweli, za Ulaya, zenye farasi na wanawake wa kofia. Midogo ilikuwa ile koloni aliyojipigia mwenyewe kwa kamera yake, mambo ya shamba na ya nyumba yake. Na katika mkebe mmoja wa hiyo midogo alikuwamo baba.

Wacha niwaambie ilivyo, maana naijua kuliko sura yangu. Kamyo inakuja, vumbi juu. Inasimama. Mlango unafunguka, baba anaruka chini, anaipiga bodi ya kamyo kibao kama mtu anayempiga ng'ombe wake wa maziwa. Anaona kamera. Anashtuka kidogo, kisha anainua mkono, vidole wazi, na kidole kidogo hakipo, maana kilikatwa na feni ya injini nikiwa bado ninanyonya. Anacheka. Anasema neno ambalo halisikiki, kwa sababu filme haina sauti. Anavaa kofia, anatoka pembeni. Imekwisha. Chai haijachemka, imekwisha.

Baba mkubwa alikuwa anaonyesha filme Jumapili baada ya adhuhuri, ndani ya depo, madirisha yamezibwa kwa magunia. Katikati alitundika shuka kubwa ya merikani kutoka ukuta hadi ukuta. Wanaume walikaa mbele, kwenye viti na mabalo ya nguo, pamoja na mashini. Sisi wanawake tulipitia mlango wa uani tukakaa nyuma ya shuka, kwenye mikeka. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya Kiislamu yenye jina, na haikuwezekana wake za watu wakae gizani na waume za watu wengine. Hakuna aliyelalamika. Mwanga ulipita kwenye merikani, picha tuliiona, tena bila vichwa vya watu mbele yetu.

Ila tuliiona kinyume. Mtu aliyekwenda kulia kwao, kwetu alikwenda kushoto. Maandishi kwetu yalikuwa yamegeuka. Na zaidi ya yote, watu wote wa filme, mbele ya macho yetu, walikula kwa mkono wa kushoto. Mungu wangu! Fikiria ukumbi mzima wa mama wa Kiislamu wanamwona bibi mzungu, na lulu zake shingoni, anatia nyama mdomoni kwa mkono ule wa chooni. Walisonya hadi wanaume upande wa pili wakatupigia kelele tunyamaze. Koko yetu, mama yake baba, ndiye alikuwa anaongoza. "Njo maana uhuru iliwashinda," alisema. "Taifa muzima inakula na kushoto!"

Baba alitueleza. Alichukua gunia la sukari lenye maandishi, akalishika kwenye jua, akatuonyesha herufi kwa nyuma. Tukaelewa. Hata hivyo Jumapili iliyofuata tulisonya vilevile, maana macho hayana shule. Na mama, aliyekuwa ameelewa kuliko wote, alimgombeza baba kwa sababu ya ile filme ndogo.

"Juu ya nini ulimusalimia muzungu na mukono ya kushoto, mbele ya batu bote?"

"Ni ya kuume! Kidole yangu ilikatika mukono gani, weye bibi? Hauijue?"

"Ninaijua. Lakini kule uko unasalimia na kushoto."

"Basi kuya siku moja mbele, uone vizuri."

"Mbele? Katikati ya banaume? Aka!"

Walikuwa wanacheka wakisema hivyo, na mimi nikicheka nao. Baba alikuwa mtu wa kucheka. Ndiyo sababu watu walipenda ile filme ndogo kuliko za farasi. Kila Jumapili, farasi wakimaliza, wanaume walianza kupiga miguu chini: "Shofere! Shofere!" Baba mkubwa anaiweka. Ikiisha wanadai tena. Halafu alikuwa na mchezo wake mmoja, anaiendesha mashini kinyumenyume, na baba anaingia kwa mgongo, anavua kofia, anarudi ndani ya kamyo kama amenyonywa, na kamyo inakimbia nyuma na vumbi lake. Tulikuwa tunajishika mbavu. Baba mwenyewe alikuwa anacheka kwa sauti upande wa wanaume, tulimsikia.

Kisha ikaja vita ya waasi.

Kwanza wanajeshi walichukua kamyo za watu kubeba vitu vyao wakikimbia. Halafu waasi wenyewe wakaingia Beni, na majani kichwani, vijana wadogo wenye macho mekundu. Wakataka shofere wa kupeleka watu wao Butembo na mbele ya Butembo, kuelekea Lubero. Walikuja nyumbani asubuhi. Baba alikuwa anakunywa chai. Aliomba amalize chai, wakakubali. Alimaliza, akatuambia atarudi na viazi, kwa sababu kule juu viazi vilikuwa rahisi. Akaondoka na kamyo yake.

Kamyo ilirudi. Ilirudi baada ya waasi kufukuzwa, ikiendeshwa na mtu mwingine ambaye aliikuta tupu kando ya barabara, milango wazi, matairi mazima. Damu hakuna, barua hakuna, mtu hakuna. Baba mkubwa aliipokea, akaifungia kwenye kiwanja chake. "Ninachunga mali ya mudogo wangu," alisema. Aliichunga kwa kuipakia kahawa ya watu kila wiki.

Sasa hapa ndipo roho yangu inapochemka. Depo ilipofunguliwa tena, Jumapili zikaendelea, na yule mtu, mdogo wake hajulikani aliko, aliendelea kuonyesha ile filme. Wanaume waliendelea kupiga miguu. "Shofere! Shofere!" Na yeye aliirudisha kinyumenyume, na wao wakacheka! Mume wa mtu amepotea, mke wake amekaa nyuma ya shuka hatua chache tu kutoka kwao, na wanacheka meno yote nje. Mimi nililia kwa hasira. Nilimvuta mama nguo twende. Hakuondoka. Alikuwa anakuja kila Jumapili, hajali farasi, anangoja ile moja. Ikianza alikuwa anasogea mbele kwa magoti mpaka pua yake karibu iguse merikani. Na ikiisha alikuwa ananong'ona, hakuna anayemsikia ila mimi: "Rudilia."

Baba mkubwa alijua. Hakuna kitu katika nyumba ile alikuwa hajui. Siku moja aliuzima mwanga kabla ya filme ndogo, wanaume wakapiga kelele, naye akasema kwa sauti ili ipenye shuka: "Ile filme ni ya familia. Mwenye anaitaka akuye kwangu, ataiona kila siku." Wanaume wakaelewa, wakacheka kwa namna nyingine. Mama aliinuka, akakunja mkeka wake.

Alimtaka mama, ndiyo. Kule kwetu kaka alirithi mjane wa ndugu yake, na wengi walifanya hivyo kwa nia njema, kulinda watoto. Huyu nia yake ilikuwa kamyo. Mama akiwa mke wake, hakuna tena mtu wa kuidai. Alituma shangazi kwa mama, mama akakataa. Akatuma wazee, mama akakataa. Akaja mwenyewe na vitenge vya depo, mama akamwambia mbele ya uso wake, "Shemeji, mimi niko na bwana."

"Bwana yako alikufa."

"Nani alimuona?"

Hapo ndipo palikuwa na kamba ya mambo yote. Shehe wa msikiti wetu alikuwa mtu mgumu wa sheria, mwembamba, asiyenunulika kwa urahisi. Alisema mtu aliyepotea si maiti. Bila shahidi aliyemwona amekufa, mwanamke huyu ni mke wa mtu, hawezi kukaa eda, na hawezi kuolewa na yeyote. Mama alining'inia kwenye neno hilo kwa mikono miwili. Alipika, alifua, alitulaza, na kila mara mtu alipomwita mjane alimkatiza: "Hapana. Mimi niko na bwana."

Basi baba mkubwa akatafuta shahidi.

Siku moja ya kazi mama alinituma depo kuomba makaa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, jambo ambalo halikutokea mchana wa soko. Nikasikia gurupe inanguruma, na ndani yake ile tik-tik-tik ya mashini. Filme siku ya kazi! Nikangoja nje. Ikawa inaisha na kuanza, inaisha na kuanza, na kila mara fupi, chai haijachemka. Niliposikia hatua nilikimbia. Nilimwambia mama, "Baba mukubwa anaangalia filme ya baba peke yake." Mama aliacha kupepeta mchele. Alifikiri muda mrefu, akaendelea kupepeta.

Ijumaa ile, baada ya alasiri, kikao kikaitwa barazani kwa baba mkubwa. Wazee wa ukoo walikaa kwenye mikeka, shehe katikati. Wanawake tulikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Shahidi alikuwa mtu nisiyemjua, mchuuzi wa barabarani, amevalishwa kanzu mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya depo. Alisimulia vizuri, mnafiki yule. Alisema alikuwa safarini upande wa Lubero, akakuta maiti kando ya barabara, na yeye na wanakijiji wakachimba kaburi. Alitaja mvua. Alitaja kofia. Koko alianza kulia nyuma ya pazia, kile kilio cha kwanza ambacho hujakipanga.

Shehe akamwuliza, "Ulimujuaje kama ni yeye? Alikuwa na alama gani?"

"Kidole kidogo haikuwa."

Barazani watu wakavuta pumzi. Wazee wakaanza kusema yale maneno ya kurudi kwa Mungu. Koko akaanguka mabegani mwangu. Nami, niseme ukweli, nilimwamini. Nilimwona baba yangu chini ya mvua.

Mama peke yake hakulia. Aliuliza kupitia pazia, sauti kavu: "Mukono gani?"

Baba mkubwa akaruka. "Muwanamuke hasemake kwa kikao!"

"Ameuliza vizuri," shehe akasema. "Jibu, weye. Mukono gani?"

Shahidi hakusita hata kidogo. Aliinua mkono wake wa kushoto juu, vidole wazi, akakikunja kidole kidogo ili watu waone. Aliinua vilevile kama baba anavyoinua kwenye filme, kwa kichwa kilichoinama kidogo. Wallah, hata tabasamu nusura alitie.

Wale wazee walikuwa wamekula sinia moja na baba tangu utoto wake. Walikuwa wameuona mkono ule wa kuume, wenye pengo, ukichimba wali mbele yao miaka yote tangu ile feni. Mmoja akasema polepole, "Kushoto?" Mwingine akautazama mkono wake mwenyewe wa kula. Baba mkubwa akawa anatazama mkeka kama ameangusha sindano.

Mama akafungua pazia akatoka. Alisimama mbele ya wanaume wote, uso wazi, yeye aliyekuwa hathubutu kukaa mbele ya shuka.

"Huyu mutu hakumuonaka bwana yangu kwa barabara," alisema. "Alimuona ndani ya depo, upande wetu banawake. Ni kule tu kidole iko kushoto."

Shehe akamgeukia yule shahidi, akamwuliza kitu kimoja tu. "Ulikaa wapi?"

Yule mtu alimtazama baba mkubwa. Akatazama mlango. Kanzu yake ikaanza kulowa makwapani. "Alinifichaka nyuma ya shuka," akasema. "Alisema mutu akifungua mulango, asinione."

Eh! Nilitaka kupiga vigelegele. Nilitaka wamburute yule mwizi kwa ndevu zake mpaka sokoni. Sasa sikia alichofanya. Hakuomba msamaha. Hakutahayari hata kwa dakika moja. Alijiweka sawa, akafuta uso, akasema: "Bon. Kama iko hai, ninyi munalia nini? Akuye basi." Na wazee, hao wazee wa sinia moja, wakaanza kusema mambo ya amani, na ndugu ni ndugu, na shetani alipita tu. Walikuwa wananunua nguo kwake kwa deni, wote. Mimi sijawasamehe na wako makaburini.

Shehe alitamka kwamba mama ni mke wa mtu. Kuhusu kamyo, wazee walikohoa. Mama akawakata. "Kamyo akule," alisema. "Anipe filme ya bwana yangu. Nikiishika mukononi ninaondoka Beni." Wakamwona mjinga, kuacha kamyo kwa ajili ya mkebe. Baba mkubwa akakubali kwa haraka iliyopaswa kututia wasiwasi. Kesho yake asubuhi alimletea mwenyewe mkebe, umefungwa kwa kamba ya mkonge, akaukabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima, macho chini. Mama aliupokea kwa mikono miwili vilevile.

Tulipanda Butembo, kwa kaka yake mama. Wao walikuwa Wakatoliki, walima maharagwe, watu wa maneno machache, wakatupa chumba bila kutuuliza tunasali wapi. Baridi ilinitesa. Mama alianza kuuza maharagwe sokoni, na mkebe ulikaa chini ya kitanda, ndani ya kitambaa. Hakuufungua. Nilipomsumbua alinijibu kwamba vidole vinaharibu filme, na tena mashini hatuna. Baadaye nikiwa msichana akaniambia la kweli: "Tutaiangalia pamoja na yeye. Atacheka sana, tena anirudishie mambo ya kushoto na kuume."

Miaka ikaenda hivyo. Wanaume wawili wema waliomba kumwoa, nikiwa nimekwisha kuwa mkubwa wa kuona wema. Aliwajibu jibu lilelile, ana bwana. Niliolewa, nikazaa. Nchi ilibadilisha jina, pesa ikabadilisha sura. Mama alikuwa bado anakaa sokoni upande unaotazama barabara ya Beni, na kamyo ikishuka alikuwa anamtazama shofere.

Kisha akaanza kuumwa macho. Ukungu uliingia jicho moja, ukaanza la pili. Hapo ndipo alipoogopa. Alisikia kwamba padiri mmoja mzee, kule misioni, ametengeneza mashini yao ya zamani ili kuonyeshea watoto wa katekisimu. Aliniambia siku hiyohiyo, "Nipeleke. Kama anachelewa, mimi nitatangulia kumuona."

Alivaa kitenge kizuri na mtandio mweupe. Padiri alitupokea kwenye ukumbi wa parokia, mchana, akafunga madirisha, akapuliza vumbi la mkebe, akakata kamba ya mkonge. Hapakuwa na shuka. Alikuwa anaonyeshea ukutani, kwenye chokaa. Mama alisimama katikati ya ukumbi, akaangalia ukuta, hajui akae wapi, maana ukuta hauna nyuma. Nikamshika mkono nikamkalisha benchi la kwanza. Mara ya kwanza katika maisha yake angemwona mume wake kwa mbele.

Mwanga ukawaka. Mbwa.

Mbwa wawili weupe wa koloni, wanakimbia kwenye majani. Mbwa anarudisha fimbo. Kahawa imeanikwa. Bibi wa koloni, na kofia, anamkumbatia mbwa. Mbwa tena. Mwanga mtupu.

Padiri akasema, "Ni hii, mama?"

Nilisimama nikamtukana baba mkubwa. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kinande, kwa Kifaransa kidogo nilichonacho, nikamtukana yeye na mama aliyemzaa, ambaye ni koko yangu mwenyewe, Mungu anirehemu, ndani ya nyumba ya padiri. Alitupa mbwa! Aliposhika ule mkebe kwa mikono miwili, macho chini, alikuwa anajua anampa mwanamke mbwa.

"Nyamaza," mama akasema. "Utanipitisha nisimuone. Rudilia, mon père."

Padiri akarudilia. Mama aliinuka, akaenda mpaka ukutani, kivuli chake kikaingia kati ya mbwa. Alitafuta pembeni. Alitafuta nyuma ya bibi mzungu, nyuma ya kahawa, akiweka jicho lake lililobaki karibu na chokaa. Ikaisha. "Rudilia." Padiri alinitazama. Nikageuza uso. Akarudilia. Mahali pamoja, upande wa juu, kitu cheusi kinapita na kutoka, na mama akaweka kiganja chake pale. "Gurudumu," alisema. "Ile ni gurudumu ya kamyo yake." Mimi sikuona gurudumu lolote. Ikaisha. Nilingoja aseme neno lile tena.

"Zima, mon père. Aksanti."

Tulipofika nyumbani alifungua sanduku akatoa merikani nyeupe, mpya, ambayo sikujua kama anayo. Akaitandika sakafuni, akavua hereni zake akaziweka mkononi mwangu, akaketi.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninakaa eda."

Nikashikwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tena. Nikampigia kelele, mama yangu mzazi. Nikamwambia, "Amekushinda! Ulikataa mbele ya bazee bote, ulikataa miaka yote hii, na leo, juu ya mbwa, unamupa yeye haki?"

"Yeye alitaka nikuwe muke wake," alisema. "Mimi niko mujane ya bwana yangu. Funga mulango, baridi inaingia."

Nikafunga. Watu walikuja, majirani, Waislamu na Wakatoliki, na maharagwe na makaa na pole zilizochelewa sana. Shehe wa hapa aliuliza maswali yake, akaona uso wa mama, akaacha. Habari zilishuka hadi Beni kama zinavyoshuka. Baba mkubwa alikuwa bado hai, mzee, anaheshimiwa. Akatuma kijana wa pikipiki, moto tunavyoiita, na gunia la sukari, na salamu kwamba anashiriki msiba wa mdogo wake mpendwa. Nilimwuliza yule kijana kuhusu filme. Akasema mzee ameagiza tuambiwe kwamba mashini na mikebe yote iliporwa na wanajeshi zamani. Sikuamini. Hadi leo siamini.

Nililishika gunia lile, nikalipasua kwa kisu cha jikoni, nikamwaga sukari yote njiani mbele ya macho yake, kwenye tope, nikamrushia gunia tupu alirudishe Beni. Watoto wa jirani walikuja mbio na vikombe. Kijana akawasha moto yake akakimbia.

Mama, ndani, alisikia kelele. Jicho lake la pili lilikuwa limekwisha kufunga wakati ule. Aliuliza, "Ni nani alikuya?"

"Hapana mutu," nikamwambia.